Mawe Yaliyozaliwa na Moto

Mtu wa pwani atakapo kujenga nyumba ya mawe, njia yake ni ile ile tangu zamani: huchimba matumbawe, huchoma chokaa, kisha huanza kujenga. Ngome ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilisimamishwa kwa mawe ya namna hiyo, na nyumba za kale za Lamu, Kilwa na Unguja vivyo hivyo. Matumbawe hayabadiliki sana kutoka mji hata mji, na mwashi aliyejifunza kazi yake Lamu aliweza kuifanya Kilwa bila kushangazwa.

Lakini bara ni habari nyingine. Msafiri atokaye Mombasa, akifika katika nyanda za Kapiti na Athi, huingia katika nchi iliyofunikwa na mawe yaliyozaliwa na moto. Nchi hiyo yaendelea mpaka Nairobi, hupanda milima ya Nyandarua, hushuka katika Bonde la Ufa na kupanda tena upande wa pili. Mawe yake yote yametoka katika tumbo la dunia, lakini si jiwe moja. Lipo gumu hata kuvunja nyundo, na lipo jepesi hata kukatwa kwa msumeno. Lipo lizuialo maji kama sufuria, na lipo liyapitishalo kama tenga. Katika mazungumzo haya twataka kueleza jinsi wajenzi walivyoingia katika nchi hiyo, na jinsi walivyojifunza, mara nyingine kwa hasara kubwa, ya kuwa ugumu wa jiwe la juu hautoshi kumtuliza mjenzi. Lililo chini yake ndilo lenye neno la mwisho.

Kwanza yatupasa kujua mawe haya yalivyofanyika. Chini sana ya ardhi mna joto jingi hata mwamba huyeyuka. Katika nchi zetu ardhi imekuwa ikivutwa upande huu na upande huu kwa mamilioni ya miaka, ikapasuka, na katika nyufa zile mwamba ulioyeyuka ukapanda juu. Mara nyingine ulitoka polepole kama uji uliofurika chunguni, ukatambaa juu ya nchi, ukapoa, ukawa jiwe gumu. Hiyo huitwa zaha. Mara nyingine ulitoka kwa kishindo, kwa sababu ya mvuke na hewa zilizofungiwa ndani yake, ukarushwa juu ukiwa vumbi na vipande, vikaanguka karibu na mbali, vikafunika nchi kama majivu yafunikavyo meko. Majivu hayo, yakiwa yenye moto mwingi yalipoanguka, au yakikandamizwa kwa muda mrefu, yalishikana yakawa jiwe jepesi liitwalo tufu.

Tena baada ya moto mmoja huenda ikapita miaka elfu nyingi ya kimya. Mvua hunyesha, jiwe la juu huoza likawa udongo, miti huota, mito huchimba mabonde, na maziwa hujaa matope. Kisha moto hurudi, na zaha mpya hufunika vyote: udongo, bonde na ziwa. Kwa hiyo nchi ya volkano ni kama mikeka mingi iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine. Mkeka mmoja ni zaha ngumu, wa pili ni majivu, wa tatu ni udongo wa kale uliobanikwa na zaha iliyopita juu yake, wa nne ni zaha tena. Aonaye mkeka wa juu tu hajui alalie nini.

Mfano mmoja wa kazi ya tabaka hizi waonekana wazi kwa yeyote asafiriye kati ya Tsavo na Nairobi. Upande wa kaskazini mashariki utaona mlima mrefu, mwembamba, ulio sawa juu kama meza. Huo ndio mwinuko wa Yatta, wenye urefu wa karibu maili 180. Zamani sana, yapata miaka milioni 13 iliyopita, haukuwa mlima bali bonde la mto. Zaha ikaja ikitiririka ndani ya bonde, ikalijaza, ikaganda. Kisha mvua na mito vikaanza kuila nchi ya pande zote mbili, iliyokuwa laini zaidi. Lakini zaha ngumu ilikataa kuliwa. Nchi ya pembeni ikashuka, na sakafu ya bonde ikabaki juu. Lililokuwa bonde likawa mlima, na lililokuwa juu likawa chini.

Sasa tuje kwa wajenzi. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Injinia mkuu alikuwa George Whitehouse, na wafanyakazi walioletwa kutoka Bara Hindi walipata karibu 32,000 kabla ya kazi kwisha. Karibu 2,500 miongoni mwao walikufa katika kazi hiyo, na wengine wengi walirudi kwao wagonjwa au vilema. Reli ilivuka nyika ya Taru, ikapita katika miamba ya kale sana isiyo ya volkano, kisha ikapanda katika nyanda za Kapiti juu ya zaha. Mwishoni mwa Mei 1899 ilifika mahali palipoitwa na Wamasai Enkare Nairobi, yaani maji ya baridi. Palikuwa tambarare, palikuwa na maji, na mbele yake milima ilianza. Mainjinia wakaona pafaa kuweka karakana na maghala kabla ya kuanza kupanda.

Mahali palionekana pema kwa sababu palikuwa sawa. Lakini palikuwa sawa kwa sababu ya jiwe lililokuwa chini. Upande wa kusini na wa mashariki wa Nairobi chini ya ardhi mna zaha iitwayo fonolaiti. Jina hilo latokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya jiwe lenye sauti, maana ukilipiga kwa nyundo hulia kama kengele. Jiwe hilo ni gumu na halipitishi maji upesi. Juu yake limeoza likawa udongo mweusi mzito. Maji ya mvua yakifika juu ya udongo ule hayana pa kwenda: chini yamezuiwa, na nchi haina mteremko wa kuyaondoa. Basi hukaa, na mahali huwa kinamasi. Upande wa magharibi nchi hupanda, mawe ni ya namna nyingine, na udongo ni mwekundu, wenye vitundu, wenye kupitisha maji. Mvua ikikatika jioni, asubuhi mtu aweza kutembea pasipo kutota miguu.

Tofauti hii ya udongo mweusi na mwekundu haikubaki kuwa habari ya mawe tu. Maofisa na matajiri wa Kizungu walijenga nyumba zao juu ya kilima, katika udongo mwekundu. Maduka ya Wahindi yakabanana bondeni, na Waafrika waliokuja kufanya kazi wakapewa mitaa ya upande wa chini na wa mashariki. Mwaka 1902 ugonjwa wa tauni ukazuka katika mtaa wa maduka, na mtaa ule ukachomwa moto. Miaka iliyofuata madaktari walilalamika mara kwa mara juu ya maji yasiyotoka mjini, hata ikashauriwa mji uhamishwe. Haukuhamishwa, kwa kuwa reli ilikwisha kuwapo, na fedha zilikwisha kutumika. Hivyo watu waliokuwa hawana neno katika kuchagua mahali ndio waliokaa miaka mingi katika maji ya mahali hapo. Jiwe halikuwagawa watu; watu ndio waliogawana jiwe, na wenye nguvu wakachukua lililo bora.

Udongo mweusi una ubaya wa pili, ambao kila fundi wa Nairobi aujua. Wakati wa mvua hunywa maji ukavimba. Wakati wa kiangazi hukauka ukapasuka, na nyufa zake huweza kumeza mguu wa mbuzi. Nyumba iliyowekwa juu yake huinuliwa na kushushwa kila mwaka. Haianguki siku moja. Kwanza mlango hukataa kufungika, kisha ufa huanza pembeni mwa dirisha, kisha ukuta hupinda. Mwenye nyumba hulaumu saruji au fundi, kumbe msingi ulisimama juu ya kitu kinachopumua. Dawa yake si ya siri: kuuondoa udongo mweusi mpaka mwamba uonekane, ukiwa hauko mbali, na kusimamisha msingi juu ya mwamba. Pale udongo ulipo mnene sana, mainjinia huteremsha nguzo zipite katikati yake mpaka zikanyage jiwe.

Mawe ya Nairobi yalikuwa na wema wake pia. Mji wa kwanza ulikuwa wa mabati na mbao, uliochomeka kwa urahisi na kuwaka joto mchana. Lakini karibu na mji mlikuwa na tabaka za tufu na za jiwe jingine liitwalo trakaiti, zenye rangi ya kijivu au ya manjano kidogo. Tufu ina vitundu vidogo ndani yake, kwa hiyo ni nyepesi na huchongeka kwa nyundo na tindo. Mafundi waashi wa Kihindi, na pamoja nao vijana wa nchi waliojifunza kwao, walichonga mawe hayo yakawa matofali makubwa yenye pembe sawa. Kanisa la All Saints, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1917, lilijengwa kwa mawe ya nchi hii, na nyumba nyingi za serikali, shule na maduka vivyo hivyo. Leo machimbo ya Ndarugu na Juja hutoa mawe laini yakatwayo kwa mashine, nayo husafirishwa kwa malori mpaka mbali.

Hapa yafaa tuseme jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Jiwe lililo jepesi kuchonga si lazima liwe baya, na jiwe gumu si lazima liwe jema kwa kila kazi. Fonolaiti, ile iliayo kama kengele, yafaa sana kuvunjwa kokoto kwa barabara, kwa reli na kwa zege. Lakini kuichonga iwe tofali ni kumchosha fundi bure. Tufu yafaa kwa kuta, kwa sababu huchongeka, haielemei msingi mno, na huzuia joto; lakini ikisagwa kuwa kokoto ya barabara, malori huifanya vumbi. Tufu nyingine zikikaa katika unyevu mwaka hata mwaka hunywa maji na kumomonyoka. Kwa hiyo mjenzi mwenye akili huuliza maswali mawili: jiwe hili ni la namna gani, na nitalipa kazi gani?

Hata majivu yenyewe yana kazi. Warumi wa kale walichimba majivu ya volkano karibu na mji wa Pozzuoli katika Italia, wakayachanganya na chokaa, wakapata saruji igandayo hata ndani ya maji. Hekalu lao la Pantheon katika mji wa Roma, lililokamilika katika karne ya pili, lina kuba pana ya zaidi ya futi 140, nayo yasimama mpaka leo. Tena wajenzi wale walikuwa na busara ya kutia mawe mazito chini na mawe mepesi ya povu la volkano juu, ili kuba isijielemee. Katika Kenya na Tanzania pia viwanda vya saruji huchimba majivu ya namna hiyo na kuyasaga pamoja na saruji. Kitu kilichowahi kuteketeza nchi chaweza kuwa gundi ya kuijengea.

Turudi katika reli. Ilipotoka Nairobi ilipanda katika nchi ya Wakikuyu mpaka zaidi ya futi 7,000, na hapo ghafula nchi ikaisha. Chini, zaidi ya futi 1,500, lilionekana Bonde la Ufa. Ukingo ule haukufanywa na mto. Ardhi ilipovutwa ikakatika, kipande cha katikati kikashuka kwa hatua hatua kama ngazi, na tabaka zote za zaha na majivu zikavunjika pamoja nacho. Kwa hiyo mainjinia walikuta mteremko mkali mno, na miamba yenye nyufa, na katikati ya miamba migumu tabaka laini zilizokuwa tayari kuteleza.

Njia ya kudumu ilihitaji kazi ya muda mrefu: kuchonga ukingo, kujenga matuta, na kuyavuka makorongo kwa madaraja ya chuma. Lakini kazi ya mbele haikuweza kungoja. Basi wakatengeneza njia ya muda ya kuteremsha mabehewa kwa kamba za chuma, behewa likishuka juu ya jukwaa lenye magurudumu. Kwa njia hiyo reli, mataruma, injini na chakula vilishushwa bondeni, na watu wakaendelea kujenga huko chini, mpaka njia ya kudumu ilipokuwa tayari mwaka 1901. Tarehe 20 Desemba mwaka huo reli ilifika Ziwa Viktoria. Baadaye njia ile ya ukingoni ilionekana kuwa na mapindi na miteremko mingi mno, ikatafutwa nyingine bora. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mateka wa Kitaliano walitumiwa kujenga barabara ya magari katika ukingo huo huo, na kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942 karibu na Mai Mahiu lingali liko.

Mji wa Nairobi ulipokua, ulihitaji maji zaidi ya yale ya chemchemi na mito iliyo karibu. Ikaazimiwa kujenga bwawa katika kijito cha Sasumua, kule Kinangop, chini ya milima ya Nyandarua. Ukuta wa bwawa ulikuwa uwe wa udongo ulioshindiliwa, na udongo uliopatikana karibu ulikuwa ule mwekundu utokanao na mawe ya volkano yaliyooza. Wakaupima. Vipimo vikaleta hofu. Kwa kanuni zilizotungwa katika nchi nyingine, udongo wenye chembe ndogo namna ile, wenye kushika maji mengi namna ile, ulikuwa haufai. Ungeteleza, ungelegea, ungeleta maafa.

Likaulizwa shauri la Karl Terzaghi, mjuzi aliyezaliwa Prague mwaka 1883 na aliyesifiwa katika dunia nzima kwa elimu ya udongo wa kujengea. Yeye hakutosheka na kanuni, bali alitaka kujua udongo wenyewe umefanywa na nini. Ikaonekana ya kuwa chembe zake ni za namna iitwayo haloisaiti, na ya kuwa hazikai moja moja, bali zimeshikana katika vifungu vidogo vigumu vyenye vitundu. Kwa hiyo, ingawa kila chembe ni ndogo mno, udongo hutenda kama udongo wa chembe kubwa: una nguvu, haubonyei sana, na maji yaliyo ndani yake ni maji yaliyokaa vitunduni tu, si maji ya kuutelezesha. Udongo uliokuwa karibu kukataliwa ukawa udongo mzuri. Bwawa likakamilika mwaka 1956, na mwaka 1958 Terzaghi akaandika habari zake, zikasomwa na mainjinia wa nchi nyingi. Ukuta wake baadaye uliongezwa urefu, na mpaka leo Sasumua hupeleka maji Nairobi.

Twaona hapo upande mmoja wa mambo: kitu kilichodhaniwa kibaya kikawa chema, kwa sababu mtu aliuliza. Upande wa pili wa mambo ulionekana Marekani, katika jimbo la Idaho, ambako nako nchi imefunikwa na mawe ya volkano. Huko lilijengwa bwawa katika mto Teton, ukuta wake ukiwa wa udongo, na kimo chake zaidi ya futi 300. Mwamba uliouegemeza ukuta ulikuwa rayolaiti, yaani jiwe la majivu yaliyoungana kwa moto, gumu la kutosha ukilipiga nyundo. Lakini lilikuwa na nyufa nyingi, nyingine pana za kumpitisha mtu. Mainjinia walijua habari za nyufa, wakaziba nyingi kwa kusukuma saruji ndani yake. Walichimba pia mfereji mzito katika mwamba chini ya ukuta, wakaujaza udongo mwepesi uliokuwa umeletwa na upepo zamani, ambao maji huubeba upesi. Nyufa ndogo zilizokuwa zikigusana na udongo huo hazikuzibwa zote sawasawa.

Tarehe 5 Juni 1976, bwawa likiwa linajazwa kwa mara ya kwanza, asubuhi maji ya matope yakaonekana yakitoka ubavuni mwa ukuta. Maji ya matope maana yake ni hii: ukuta unachukuliwa kutoka ndani. Matingatinga mawili yakapelekwa kusukumia udongo katika tundu, nayo yakamezwa, madereva wakaokolewa. Karibu na saa sita mchana ukuta ukapasuka, na ziwa zima likashuka bondeni juu ya vijiji na mashamba. Watu 11 walikufa na maelfu ya ng'ombe wakapotea. Idadi ya watu ingalikuwa kubwa zaidi kama ingalikuwa usiku. Bwawa lile halikujengwa tena. Jiwe halikuvunjika, maji yalipita katika nyufa zake yakala kilicho laini kilichokuwa kimekaa karibu nalo.

Hatuna haja ya kwenda Marekani ili kuona kazi ya maji katika majivu. Mwezi wa Machi mwaka 2018, baada ya mvua nyingi, ardhi ilifunguka karibu na Mai Mahiu katika Bonde la Ufa. Ufa ulikata barabara iendayo Narok, ukapita katika mashamba, na mahali pengine ulikuwa na kina cha futi 50. Nyumba zikabomoka na watu wakahama wakiwa wamebeba walichoweza. Habari zikaenea duniani ya kuwa Afrika yapasuka vipande viwili siku hiyo. Ni kweli Bonde la Ufa lapanuka, lakini kwa milimeta chache tu kila mwaka, kadiri ambayo jicho haliwezi kuiona. Wajuzi wengi wa miamba waliotazama mahali pale walieleza ya kuwa ufa wa kale katika mwamba ulikuwa umejazwa majivu ya milima ya moto iliyo karibu, na maji ya mvua yakaingia chini kwa chini, yakayachukua majivu kidogo kidogo, mpaka paa la udongo lilipobaki bila nguzo, likaanguka. Ufa ulikuwapo siku zote; mvua iliufunua tu.

Tazameni basi jinsi mambo haya yafananavyo. Kinamasi cha Nairobi, ukuta wa Teton na shamba la Mai Mahiu ni hadithi moja ya maji na kitu laini kilichojificha kando ya kitu kigumu. Na Sasumua yatuonyesha ya kuwa hadithi hiyo yaweza kuisha vizuri, mtu akipima kabla ya kuamini na kabla ya kukataa.

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Twaweza kuitumia mithali hiyo kwa ardhi pia. Mtu anunuaye kiwanja katika nchi ya volkano hutazama upana wake, barabara yake na bei yake. Yafaa atazame na mambo mengine, ambayo hayahitaji chombo wala ada. Na aende huko baada ya mvua kubwa, aone maji yanakimbilia wapi na yanakaa siku ngapi. Na atazame rangi ya udongo, na katika kiangazi aone kama unapasuka. Na awaulize wazee wa mahali pale kama pamewahi kufunguka shimo au kama kijito huingia ardhini kisionekane tena. Na aende kwenye kisima au kwenye korongo lililo karibu, maana kuta zake ni kitabu kilichofunguliwa: humo ataona mkeka wa zaha, mkeka wa majivu na mkeka wa udongo wa kale, na kama maji yanatoka kati ya mkeka na mkeka. Akitaka kununua mawe, alipige jiwe kwa nyundo. Jiwe zima hulia. Jiwe lililooza hutoa sauti ya mbao mbovu.

Kwa jengo kubwa, kama shule, zahanati, daraja au bwawa la kijiji, hayo hayatoshi. Hapo pana haja ya mtu aliyejifunza elimu ya miamba, mwenye vyombo vya kuchimbua na kutoa vipande vya mawe kutoka chini, apime kabla shimo la kwanza la msingi halijachimbwa. Gharama yake huonekana kubwa siku ile ya kulipa. Lakini ni ndogo ikilinganishwa na ukuta mmoja uanguke, na si kitu kabisa ikilinganishwa na watoto walioketi chini ya ukuta huo.

Milima yetu ya moto haijafa yote. Nyiragongo iliteremsha zaha katika mji wa Goma mwaka 2002, na mara ya pili mwaka 2021 ikafika ukingoni mwa mji. Na Ol Doinyo Lengai ya Tanzania hutoa zaha mara kwa mara. Watu wa Goma walivunja jiwe jeusi lililomeza nyumba zao, wakajenga nyumba nyingine kwa jiwe lile lile, kwa sababu halikuwapo jingine karibu. Wanadamu wataendelea kukaa katika nchi hizi, maana udongo wake una rutuba na mawe yake ni mengi. Basi tusiyaogope mawe haya, wala tusiyaamini kwa macho tu. Tuyaulize yalikotoka, na tuulize yanalala juu ya nini, ndipo tujenge.